Namna ya kujifunza kuyashukuru maisha ya kawaida

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu ambaye maisha yake hayana tukio kubwa la kusimulia: ana kazi au biashara ndogo inayomlisha, ana watu wanaomtegemea na watu anaowategemea, anaamka na kulala mahali pale pale, na bado kila jioni moyo humwambia kwamba maisha yenyewe hasa yako kwingine, kwa watu wengine. Nimekuwa mtu huyo kwa miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, ninaishi Nkuhungu katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo mimi na mume wangu tuliijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja, na hatua ninazozieleza hapa nimezipitia mwenyewe. Nyingine zilinishinda mwanzoni, nikaziacha, kisha nikazirudia.

Katika mji wetu ugumu wa kushukuru una sura yake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi baada ya hapo mji uliendelea na mwendo wake wa taratibu, hadi mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia kwa kweli. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022, Dodoma ikiwa tayari Jiji, ilihesabu zaidi ya 765,000. Katika kipindi hicho kifupi mtu aliyekuwa na shamba la uwele pembezoni mwa mji aliweza kugeuka kuwa mwenye viwanja, na ndugu yake mwenye shamba upande mwingine akabaki mkulima. Sisi mwaka 2009 tuliletewa habari ya kiwanja upande wa Mtumba, kwa bei ambayo tungeimudu kwa kujibana, tukakikataa kwa sababu wakati huo tuliona vichaka na mibuyu tu. Leo Mtumba ndipo ulipo Mji wa Serikali. Kwa miaka kadhaa sikuweza kupita barabara ya kwenda Morogoro bila kukipigia hesabu kile kiwanja, na hesabu hiyo ikawa inakula kila nilichonacho: nyumba ikawa ndogo, mume akawa mzito wa uamuzi, kazi ikawa ya kujutia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimebadilika.

Hatua ya kwanza: tenga cha kushukuru na cha kudai

Anza hapa, kwa sababu watu wengi wenye akili na msimamo huikataa shukrani wakidhani ni jina zuri la kunyamazishwa, na mara nyingi wana sababu ya kudhani hivyo. Tumezoea kuambiana "tushukuru tu" pale ambapo tungepaswa kuulizana kwa nini. Mgonjwa aliyesubiri tangu alfajiri huambiwa ashukuru kwamba ameonwa. Mfanyakazi ambaye mshahara wake umechelewa huambiwa ashukuru kwamba ana kazi. Hiyo si shukrani, na kumwambia mwenye dai halali ashukuru alichonacho ni kumdhulumu mara ya pili.

Chukua karatasi uipige mstari katikati. Upande mmoja andika mambo yasiyo sawa, ambayo unaweza kuyadai, kuyarekebisha au kuyalalamikia mahali panapohusika. Upande wa pili andika mambo unayoyapokea. Mimi upande wa kwanza niliandika malimbikizo yangu ya kupandishwa daraja, ambayo yalikuwa yamechelewa, nikaandika na tarehe ya barua niliyokusudia kuipeleka. Upande wa pili niliandika mshahara wenyewe, unaosomesha watoto wawili. Vitu hivyo viwili vilipokaa kwenye karatasi moja bila kugombana, niliona kwamba ninaweza kudai kimoja asubuhi na kukishukuru kingine jioni, na nisiwe mnafiki. Barua nilipeleka tatu. Itunze karatasi hiyo, kwa sababu utakapofika mbele na kuona moyo unagoma kushukuru kwa jambo fulani, huenda jambo lenyewe liko kwenye upande usio wake.

Hatua ya pili: andika siku moja ya kawaida, tangu kuamka hadi kulala

Chagua siku isiyo na jina: isiwe sikukuu, isiwe siku ya msiba, isiwe mwisho wa mwezi. Jumatano inafaa. Tembea na daftari dogo, na kila baada ya saa moja au mbili andika kilichotokea, si ulichohisi. Kosa la wengi ni kuandika kwa jumla, "niliamka, nikajiandaa, nikaenda kazini", na maneno ya jumla ndiyo hasa yanayotuficha siku zetu. Andika mambo kwa ukaribu, hata yale unayoona hayana maana.

Nitatoa mfano kutoka kwenye ukurasa wangu wa kwanza. Mtaani kwetu maji yalikuwa ya mgao, na zamu yetu wakati huo ilikuwa usiku. Saa nane na dakika arobaini bomba la uani lilianza kukoroma. Hewa hutangulia, ikisukuma matone machache yenye nguvu yanayopiga ndoo kama changarawe. Kisha huja maji yenye rangi ya udongo, ambayo huyaweka kando kwa ajili ya kumwagilia mchicha. Kisha mkondo hutulia, ukawa mwembamba na safi. Sikuwasha taa. Nimesimama pale usiku mwingi kuliko ninaoweza kuuhesabu, na sikuwahi kutambua kwamba ninajua jambo hili: sauti ya maji hupanda kadiri ndoo inavyojaa, kutoka mngurumo hadi mluzi, na mkono wangu huifunga koki gizani pakiwa pamebaki upana wa vidole viwili, bila kumwaga. Ng'ambo ya ukuta jirani yangu naye alikuwa anakinga. Alikohoa, nami nikakohoa, akanisalimu Kigogo kwa sauti ya chini, "Mbukwa, mwalimu," nikamwitikia, "Mbukwa, mama," na hatukuongeza neno, kila mmoja akaendelea na vyombo vyake. Nilijaza ndoo nne na madumu sita ya lita 20, nikarudi kulala.

Kabla ya kuyaandika hayo, ningeulizwa kuhusu usiku ule ningesema tu kwamba sikulala vizuri kwa sababu ya maji. Ni kweli sikulala vizuri, na mgao huo uko kwenye upande wa kudai wa karatasi yangu. Lakini usiku huo huo ulikuwa na ujuzi wa mkono, na jirani aliye macho, na maji ya kutosha kufulia sare za shule, na vyote vilikuwa vimenipitia kwa miaka bila kuandikwa mahali popote.

Ukimaliza siku hiyo, usiisome mara moja. Iache siku tatu, kisha isome polepole kama unavyosoma barua ya mtu mwingine, na upige mstari chini ya mambo matatu ambayo mtu huyo angeyakosa sana kama yangeondoka.

Hatua ya tatu: ondoa kitu kimoja kwa mawazo, kisha ukirudishe

Adui wa shukrani ni mazoea kuliko umaskini. Mwaka 1978 mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wao juu ya watu 22 waliokuwa wameshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois. Pamoja na mengine, waliwauliza wanapata furaha kiasi gani katika mambo ya kila siku kama kuzungumza na rafiki au kula kifungua kinywa. Washindi walisema wanapata furaha pungufu kuliko watu wa maeneo yale yale ambao hawakuwa wameshinda chochote. Watu 22 ni wachache, na utafiti mmoja hautoshi kuamulia dunia nzima, lakini siku niliyousoma nilikifikiria kile kiwanja cha Mtumba kwa muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote.

Njia ya kuyatikisa mazoea ni kuwaza namna ambavyo kitu ulichonacho kingeweza kuwa hakikukufikia kabisa. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake walichapisha matokeo ya zoezi la aina hiyo: walipowaomba watu waandike jinsi ambavyo huenda wasingekutana na wenzi wao, watu hao waliridhika na uhusiano wao kuliko wale walioombwa kuandika jinsi walivyokutana. Ni jambo linaloshangaza kidogo, kwa sababu tungetarajia kisa chenyewe cha kukutana ndicho kiuchangamshe moyo.

Hapa kuna tahadhari ambayo kwetu haiwezi kupuuzwa. Tumelelewa kutojitabiria mabaya, na mtu anayekaa kuwaza kifo cha mwenzake huonekana anakiita. Kwa hiyo usiondoe kitu katika siku zijazo. Kiondoe katika siku zilizopita. Usijiulize "itakuwaje akifa", jiulize "ingekuwaje kama nisingepangiwa kituo kile cha kazi". Mimi nilimfahamu mume wangu kwa sababu alikuja kutengeneza umeme katika ofisi ya walimu, na fundi aliyetarajiwa siku hiyo alikuwa mwingine, aliyepata homa. Nilipoandika habari ya fundi yule aliyeugua, mkono ulisita.

Fanya zoezi hili kwa dakika mbili, zisizidi, kwa sababu likiendelea sana hugeuka kuwa hofu. Likiisha, nenda ukakiguse kile ulichokiondoa: kaa karibu na mtu huyo, au shika mlango wa nyumba yako ukiufungua. Mume wangu husikiliza taarifa ya habari asubuhi kwa sauti kubwa ambayo kwa miaka mingi iliniudhi. Mwaka mmoja alilazwa hospitali siku kumi na tisa, na katika siku hizo nyumba ilikuwa na ukimya ambao hata watoto waliuogopa. Redio hiyo bado ni ya sauti kubwa, na bado humwomba apunguze, ila sasa namwomba kwa sauti nyingine.

Hatua ya nne: ifuate sahani yako hadi shambani

Hatua hii ndiyo iliyonibadilisha zaidi, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu. Chagua kitu kimoja unachokitumia kila siku na uandike mikono yote iliyokipitisha hadi kikakufikia. Kinaweza kuwa shati, kidonge au kalamu. Mimi nilichagua sahani ya ugali wa uwele na mlenda, chakula ambacho nilikula utoto wangu wote na ambacho, nisifiche, nilikuwa nimeanza kukiona si cha kumwandalia mgeni kutoka Dar es Salaam.

Uwele wetu hutoka kwa shangazi yangu, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe ni kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, tena mara nyingi hukatika katikati mahindi yakiwa yanaanza kubeba. Uwele huvumilia pale mahindi yanaposhindwa, na ndiyo sababu wazee hawakuuacha. Shangazi hupanda mvua zinapoanza, hupalilia, halafu huja kazi ambayo mimi niliisahau kabisa nilipohamia mjini: kuamia ndege. Punje zikiwa bado laini, zenye maziwa, makundi ya kwelea kwelea hushuka shambani, na shamba lisilo na mtu huweza kuwa mabua matupu kwa muda mfupi. Kwa wiki kadhaa lazima mtu awepo tangu kabla jua halijachomoza hadi linapozama, juu ya dungu, akipiga debe, akirusha mawe kwa kombeo, akipaza sauti. Shangazi ana umri wa miaka sitini na minne. Msimu uliopita aliamia yeye na mjukuu wake, na sauti ilimkauka hata akawa anaongea kwa kunong'ona mwezi mzima.

Baada ya hapo huja kukata masuke, kuyaanika, kupura, kupepeta kwa ungo siku yenye upepo, kuhifadhi kwenye kihenge, kukoboa na kusaga. Gunia hupakiwa kwenye gari la asubuhi, kijana mmoja hulishusha, mwingine hulileta kwa bodaboda hadi mlangoni. Mlenda nao una safari yake: majani huchumwa wakati wa masika, huanikwa juani, hutwangwa yakawa unga, kisha hutumika kiangazi chote, ukipikwa na karanga zilizotwangwa. Anayetuuzia ni mama mmoja pale sokoni Majengo ambaye hupima kwa kikombe na daima huongeza kijiko baada ya kupima. Niliandika mikono ishirini na mitatu kabla sijachoka, na sikuwa nimefika kwa aliyetengeneza mashine ya kusaga.

Nilipofika hapo nilimkumbuka bibi yangu. Historia ya Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, ina njaa iitwayo Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja wakati majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalipokuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nazo zikakosekana. Bibi alizaliwa baada yake na aliisikia kwa mama yake. Hakuruhusu tonge libaki kwenye sahani, hata la mtoto mgonjwa. Lililobaki alilikausha na kuwapa kuku, akiliokota kwa vidole vitatu kama mtu anayeokota sindano. Tuliona ni ukali. Sasa nadhani alikuwa anajua orodha ambayo mimi nimeiandika nikiwa na miaka arobaini na saba.

Ukishaandika mikono hiyo, mchague mtu mmoja katika orodha unayeweza kumfikia, umpelekee kitu. Mimi nilimpelekea shangazi asali na dawa ya koo, na kwa likizo ya Aprili nilimpeleka mwanangu mkubwa akaamie ndege kwa wiki moja. Alirudi mweusi kwa jua, na hajaniuliza tena kwa nini tunakula uwele.

Hatua ya tano: shukuru kwa kulitaja tendo

Shukrani isiyomfikia mtu hubaki kuwa hali njema ya moyo wako peke yako. Neno "asante" linatosha kwa anayekupisha njiani, lakini kwa watu wanaoyabeba maisha yako kila siku sema mambo matatu: alichofanya, kilichomgharimu, na ulichopata wewe. Tatizo ni kwamba katika nyumba zetu nyingi mume na mke hawashukuriani kwa maneno, wala mzazi hamshukuru mtoto. Kushukuriana huonekana ni jambo la wageni, na anayelianza huulizwa ana shida gani. Jiandae kwa hilo usikate tamaa.

Mume wangu hutoka nyumbani kabla yangu, na tangu tuoane huniachia chai kwenye chupa. Jioni moja nilimwambia, "Baba watoto, ile chai unayoniachia, najua unaamka mapema ili uipike, na mimi huenda kazini nikiwa nimeshiba moto. Nashukuru." Alinitazama, akauliza, "Kwani leo kuna nini?" Nikamjibu kwamba hakuna kitu. Alikaa kimya kidogo, akasema kwamba mama yake alikuwa akimfanyia hivyo baba yake kwa uji. Miaka kumi na tisa ya ndoa na nilikuwa silijui hilo.

Neno moja kuhusu wasaidizi wa nyumbani, madereva wa bodaboda, wanaotubebea mizigo na wanaotuuzia gengeni. Usimshukuru kwa maneno mtu ambaye unachelewesha ujira wake. Mlipe kwanza, kwa wakati na kwa kiasi mlichokubaliana, ndipo useme asante, na umwite kwa jina lake. Binti anayetusaidia nyumbani nilimshukuru sana kwa maneno mwaka mzima, na katika mwaka huo mshahara wake nilimpa tarehe yoyote niliyojisikia. Nimeliandika hilo kwa sababu linanihuzunisha, na kwa sababu najua siko peke yangu.

Hatua ya sita: weka daftari, lakini mara moja kwa wiki

Zoezi la daftari linajulikana kwa sababu ya wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough, ambao mwaka 2003 walichapisha majaribio yao: kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru, na kundi lingine likaandika mambo yaliyowakera. Wa kundi la kwanza waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi, na walilalamika kidogo kuhusu afya zao. Miaka miwili baadaye Sonja Lyubomirsky na wenzake walieleza kwamba walioandika mara moja kwa wiki walinufaika, na walioandika mara tatu hawakunufaika. Mimi nilijaribu kila siku na kufikia wiki ya pili nilikuwa naandika "afya, watoto, chakula" kama ninayejaza fomu.

Kwa hiyo chagua siku moja. Mimi huandika Alhamisi usiku. Andika mambo matatu hadi matano, na kila jambo lipe sentensi nzima yenye mtu, mahali na kitendo. Usiandike "nashukuru kwa majirani". Andika kwamba jirani alizianua nguo zako kamba ya uani ilipoanza kulowa. Jambo usiloweza kulipa sentensi nzima liache, litarudi.

Hatua ya saba: shughulika na kulinganisha

Hakuna awezaye kuacha kabisa kujilinganisha. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu hujipima kwa kuwatazama wenzake hasa pale asipokuwa na kipimo kingine, na mtu wa Dodoma ya leo, anayepita kila siku kwenye ghorofa jipya na kuona picha za kuhamia nyumba mpya kwenye simu yake, hakosi cha kujipimia. Unachoweza kufanya ni kupunguza mlango unaoingizia, na kulinganisha kwa ukamilifu.

Kupunguza mlango ni rahisi: nilizima picha za watu sita kwenye simu, watu ninaowapenda, kwa sababu niliona kila nikizitazama nageuka kuwa mkali kwa watoto. Hawajui, na urafiki wetu haukupungua. Kulinganisha kwa ukamilifu ni kazi zaidi. Maana yake ni kwamba ukitamani nyumba ya mtu, utamani pamoja nayo mkopo wake, safari zake, usingizi wake na kila kitu anachokibeba ili nyumba hiyo isimame. Na kwa kuwa hivyo huvijui, basi ukubali kwamba humlinganishi mtu, unalinganisha ukuta. Mwaka jana nilimwomba mume wangu twende tukakione kile kiwanja. Tulikuta geti la buluu, mti wa mwarobaini uliokwisha kuwa mkubwa, na soksi za mtoto zimeanikwa kwenye waya. Tulisimama kidogo, mume wangu akasema mwarobaini huo umekaa vibaya, mizizi itafika msingi. Tukapanda daladala tukarudi. Sikupona siku hiyo, lakini tangu hapo nikikifikiria kiwanja ninaziona zile soksi, na hesabu haiendelei mbali.

Kuna ushauri mwingine ambao siupendi, ingawa hutolewa kwa nia njema: kwamba ukitaka kushukuru uwatazame walio chini yako. Ikiwa kuwatazama kunakuondolea kiburi na kukufanya utoe, ni vyema. Lakini mara nyingi tunawatumia. Tunamtazama anayeomba pale stendi ili chakula chetu kiwe kitamu, kisha tunampita. Mtu huyo hakuumbwa awe kipimo cha furaha yako. Ukimtazama, mtazame kama unavyomtazama ndugu, na kama huna cha kumpa, mpe salamu.

Hatua ya nane: siku ambazo hutaweza

Zipo. Siku ya msiba usitafute cha kushukuru, wala usimtafutie mwenzako; kaa naye, sema pole, osha vyombo. Kuna pia uzito unaokaa wiki nyingi, unaomwondolea mtu usingizi na hamu ya kula na kumfanya aone hafai, na huo hautibiwi kwa daftari. Mtu huyo aende kituo cha afya akaonwe, kama ambavyo angeenda kwa malaria. Mwongozo huu haukuandikwa kuchukua nafasi hiyo.

Kwa siku nyingine zote za uchovu na hasira, fanya kidogo tu. Ukikosa wiki, usirudi nyuma kujaza kwa kukisia. Acha nafasi kwenye daftari, andika tarehe ya leo, na anza na kitu kilicho karibu na mkono wako. Ukurasa wangu wa Alhamisi iliyopita, baada ya wiki tatu tupu, una sentensi moja: mvua ya kwanza imenyesha dakika ishirini, tumekinga ndoo tano chini ya bati, na usiku hakuna aliyeamka.